Jinsi ya kumtoa mzee mwenye maumivu kitandani mpaka kwenye kiti bila kumuumiza (mwongozo kamili)

Hili swali haliishi. Mmoja ana bibi yake nyumbani Igoma, Mwanza, mwingine ni mhudumu kwenye makazi ya wazee, na wote malalamiko yao ni hayo hayo: mzee akiinuliwa analia, anakaza mwili, kesho yake anagoma kabisa kutoka kitandani, mwishowe anaachwa alale tu mpaka mgongo unachubuka. Afu ukienda kuangalia wanavyomuinua unakuta mmoja kashika mkono wa kulia mwingine wa kushoto wanavuta, "haya babu nyanyuka", saa 12 asubuhi, dawa hajanywa, uji hajaonja.

Wengi wanadhani wamepungukiwa watu. Mi naona wanakosea mpangilio: maumivu yanatulizwa kwanza ndo mwili unafuata. Ukiugeuza mpangilio huo hata muwe wahudumu wanne mtashindwa, na mzee atajifunza kuwaogopa.

Mwongozo huu ni wa mzee anaeweza kukanyaga kidogo, hata kama ni kwa mguu mmoja, na anaeelewa maelekezo mafupi. Asiyeweza kukanyaga kabisa nimemuwekea sehemu yake kule chini, usimlazimishie hizi hatua.

## Vitu vya kuandaa kabla hujamgusa

Kiti kigumu chenye mikono miwili. Vile viti vya plastiki vya kwenye harusi achana navyo, mzee akiegemea mkono mmoja kinapinduka, na kwenye tailizi miguu yake inateleza. Cha mbao cha fundi ndo kizuri. Akikaa, nyayo zote ziguse chini na magoti yakunje pembe mraba. Kama magoti au nyonga ndo zinamsumbua, kiti kiwe juu kidogo ya hapo maana kuinukia chini kunamuua.

Mkanda wa kushikia kiunoni. Mpelekee fundi cherehani mkanda wa begi au turubai, upana wa kiganja, akushonee vishikio viwili vya nyuma na kifungio imara cha mbele. Kanga inateleza na fundo linaachia, usiitegemee. Na mkanda wenyewe usimfunge mzee aliyefanyiwa operesheni ya tumbo karibuni au mwenye ngiri mpaka daktari aruhusu.

Shuka ya ziada. Ikunje mara mbili, itandikwe kuanzia mabegani mpaka chini ya makalio. Hii ni ya kumsogezea, sio ya kujifunika.

Viatu vinavyoshika mguu. Raba, au sandozi yenye mkanda wa nyuma. Ndala hapana, yeboyebo hapana, soksi tupu kwenye tailizi ndo kabisa hapana.

Ongeza mito miwili mitatu, fimbo au woka yake kama anayo, miwani yake (watu wanasahau miwani halafu wanashangaa mzee anaogopa kukanyaga), daftari na peni. Mashine ya presha kama ipo itasaidia sana.

Kitanda nacho kiangalie. Vitanda vingi viko chini mno na godoro la sponji limebonyea katikati, mzee anakaa ndani ya shimo. Weka ubao chini ya godoro, na miguu ya kitanda iinue kwa vipande vya mbao vilivyochimbwa kidogo katikati ili mguu uingie usichomoke.

## Hatua ya 1: Uliza maumivu kwa namna atakayokujibu

Wazee wetu hawasemi. Mzee wa Kisukuma umemsalimia mwangaluka, kakuitikia vizuri, ukimuuliza hali anakwambia "mhola duhu", yaani salama tu, huku vidole vimeshika ukingo wa kitanda vimekakamaa. Ukiandika kwenye daftari "hana maumivu" umejidanganya mwenyewe.

Uliza kitu kimoja kimoja. "Shikamoo babu. Goti la kushoto leo likoje kuliko jana?" "Usiku uligeuka mwenyewe?" Afu tumia vidole: ngumi iliyofungwa maana yake hakuna maumivu, vidole vitano maana yake yamezidi kabisa. Muulize akiwa ametulia, kisha muulize tena akijaribu kukunja goti, kwa sababu mzee anaweza kuwa kidole kimoja akiwa amelala na vidole vinne akijigeuza, na hiyo namba ya pili ndo inayokuhusu wewe unaetaka kumuinua.

Mzee mwenye shida ya kumbukumbu asiyeweza kujieleza, muangalie vitu vitano: anavyopumua, anavyoguna au kulia, uso wake, mwili wake (anakunja ngumi? anakusukuma?), na kama anatulizika ukimshika mkono na kuongea nae. Kila kimoja kipe 0, 1 au 2, jumla ni 10. Kipimo hiki kinaitwa PAINAD na kimetengenezwa kwa ajili ya wazee wa aina hiyo. Mzee "mkorofi" anaepiga wahudumu wakati wa kuvalishwa, mara nyingi ni mzee anaeumia, kwa hiyo mpime kabla hujamuandika mkorofi.

Ikiwa vidole vitatu au zaidi akijaribu kujigeuza, usimuinue bado. Nenda hatua ya pili.

## Hatua ya 2: Dawa, halafu subiri

Hapa ndo pa kukaa sana, maana vilio vingi vinatokea hapa.

Paracetamol ya kumeza inachukua kama nusu saa mpaka saa nzima kufanya kazi. Sasa we unampa saa 1 kamili na saa 1 na dakika 5 unamvuta, ni sawa na hujampa kitu. Mpangilio unaofanya kazi kwenye vituo vingi ni huu: saa 1 uji na dawa akiwa ameinuliwa kidogo na mito ili asipaliwe, saa 2 kasoro au saa 2 ndo anaanza kuinuka. Asubuhi viungo vinakuwa vimekaza pia, hasa kwa mwenye baridi yabisi, hivo kuchelewa kidogo ni faida mara mbili.

Dozi anapanga daktari au nesi. Ujue tu mipaka: mtu mzima mwenye afya hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa masaa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mzee mwembamba wa chini ya kilo 50, mwenye ini bovu au anaekunywa pombe, dozi yake inakuwa chini ya hapo. Na angalia dawa za mafua, nyingi zina paracetamol ndani yake, kwa hiyo mzee anaweza kuwa anameza mara mbili na hakuna aliyeshtuka.

Diclofenac na ibuprofen ndo zinazonunuliwa hovyo kwenye maduka ya dawa, "nipe ya mgongo", anapewa. Kwa mzee zinaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha presha, na akiwa anatumia dawa za presha hatari inaongezeka. Usimpe bila daktari kujua dawa zake zote. Tramadol inatuliza lakini inaleta kizunguzungu na choo kigumu, hivo siku za mwanzo za tramadol mzee asisimame peke yake hata kidogo. Akipewa morphine hospitali, hakikisha amepewa na dawa ya kulainisha choo, maana choo kikifunga siku nne maumivu ya tumbo yatazidi ya goti.

Taulo ya uvuguvugu kwenye goti au mgongo dakika 15 mpaka 20 inasaidia sana na haina gharama. Ila chupa ya maji ya moto usimuwekee moja kwa moja kwenye ngozi, na kwa mwenye sukari au aliyewahi kuugua ukoma usiweke miguuni kabisa, miguu yake haisikii moto na ataungua bila kusema.

Ukipatia hatua hii, ukimuuliza tena vidole vimeshuka, na uso umelegea.

## Hatua ya 3: Amsha viungo akiwa amelala

Dakika tano tu. Achezeshe kifundo cha mguu juu na chini mara 10. Akunje goti akiburuta kisigino kwenye godoro, kila mguu mara 5. Akaze paja ahesabu mpaka tano, aachie. Msaidie pale anapokwama ila usimlazimishie goti lipite pale linapoanza kuuma.

Wakati anafanya hivyo andaa njia: toa ndoo, toa kamba ya neti iliyoning'inia, kausha sakafu, vuta kiti kiguse ubavu wa kitanda. Kiti mwendo kifunge breki zote mbili na uondoe vile vya kuwekea miguu.

Kiti kiwe upande wenye nguvu. Kama kiharusi kimepiga kushoto, kiti kiwe kulia kwake. Hii watu wanaisahau kila siku.

## Hatua ya 4: Mgeuze ubavu kwanza

Kumuinua mtu moja kwa moja kutoka chali ni kumkunja mgongo na nyonga kwa mpigo, na hapo ndo penye maumivu.

Simama upande anaogeukia, ukisimama nyuma yake ataanguka. Kunja goti lake la mbali, mkono wake wa mbali upite kifuani. Kiganja chako kimoja nyuma ya bega la mbali, kingine nyuma ya nyonga ya mbali. Mwambie, "bibi tunageuka kwangu, moja, mbili, tatu", halafu mvute taratibu, bega na nyonga viende pamoja. Vikitangulizana mgongo unajipinda.

Mkono uliopooza usiuvute hata mara moja. Bega la mtu wa kiharusi linateguka kirahisi na likiteguka hapo umeongeza maumivu ya miezi. Na kwapani usimshike, mzee yeyote.

Aliyefanyiwa operesheni ya nyonga ana masharti yake kuhusu kukunja na kuvusha miguu, yafuate kama alivyoandikiwa.

## Hatua ya 5: Akae ukingoni, na umuache akae

Akiwa ubavu, telezesha miguu yote miwili mpaka inaning'inia nje ya kitanda. Uzito wa miguu ukishuka unakusaidia kuinua kiwiliwili, yeye anasukuma godoro kwa kiwiko cha chini na kiganja cha juu, we unashikilia bega. Shingo usiiguse.

Amekaa? Sasa usiwe na haraka. Dakika moja mpaka mbili akae hapo, nyayo chini, achezeshe vifundo, mpige nae stori za sangara wa zamani kama alikuwa mvuvi. Presha ya mzee inachelewa kujipanga akitoka kulala, na anaeanguka mara nyingi ni yule aliyesimamishwa hapo hapo. Kama una mashine, pima akiwa amelala na pima tena ndani ya dakika tatu baada ya kusimama: ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10, andika na umwambie daktari, huenda dawa zake za presha zinahitaji kuangaliwa.

Akisema kizunguzungu, macho yanaona giza, au anatoka jasho la baridi, mrudishe alale. Leo imeishia hapo na sio kufeli.

## Hatua ya 6: Kusimama

Funga mkanda kiunoni, uingie vidole viwili tu. Mvalishe viatu.

Asogee mbele, tako moja kwa wakati, mpaka nusu ya paja iwe nje ya godoro. Nyayo zirudi nyuma kidogo ya magoti, ziachane upana wa nyonga. Mikono yake isukume godoro. Asivute woka, woka haina uzito itamwangukia.

We simama ubavuni kwake upande dhaifu, mguu mmoja mbele, magoti umekunja, mkono umeshika kishikio cha nyuma kutokea chini. Usikubali akukumbatie shingo, mkianguka mnaanguka wote na mgongo wako nao utakuwa mgonjwa.

Sasa ainame mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu. Hapa ndo wengi wanaharibu: mzee anaogopa kuinama anaegemea nyuma, mhudumu anavuta, ni kama kusukuma mtumbwi ambao kamba bado imefungwa. Muwekee kigoda au kiti mbele yake aguse, atapata ujasiri wa kuinama. Yumba nae mara mbili, ya tatu inuka.

Ukipatia utasikia uzito wake umehamia miguuni na mkanda umekuwa mwepesi mkononi. Kama mkanda ni mzito na makalio hayajatoka kitandani, mrudishe akae, inua kitanda zaidi au ita mtu wa pili. Jaribu mara mbili, ikishindikana pumzika.

## Hatua ya 7: Kugeuka na kukaa

Ageuke kwa hatua fupi fupi, asizungushe goti nyayo ikiwa imeganda chini. Arudi nyuma mpaka asikie kiti kimegusa nyuma ya miguu yote miwili, afu mikono ishike mikono ya kiti, ainame mbele tena, ashuke polepole. Mzee anaejitupa kwenye kiti anaumiza uti wa mgongo, na mifupa yao mingi ni dhaifu tayari.

## Hatua ya 8: Akiwa kwenye kiti kazi haijaisha

Makalio yafike mwisho wa kiti, mto mdogo mgongoni, mkono uliopooza juu ya mto mwingine. Siku ya kwanza dakika 20 mpaka 30 zinatosha. Baadae ongeza, ila usimuache kiti kimoja zaidi ya masaa mawili mfululizo, na kila baada ya dakika 15 mpaka 30 aegemee kulia, kushoto, mbele, ili makalio yapumue.

Ukimrudisha kitandani angalia ngozi ya makalio, visigino na mgongo wa chini. Kwenye ngozi yetu nyeusi usisubiri wekundu, tafuta sehemu iliyokuwa nyeusi zaidi, ya moto, ngumu au inayouma. Ukiiona usiisugue wala kuikanda, ipumzishe kabisa isiguse kitu, na zile tyubu za kukalia achana nazo, zinakata damu pembeni. Akiwa kitandani ageuzwe kila masaa mawili.

Na kiti kiwekwe panapoonekana kitu. Chini ya mwembe, barazani, karibu na wanaoanika dagaa, popote penye watu. Mzee aliyehangaika kuinuka akaishia kutazama ukuta, kesho hana sababu ya kuinuka, na mi simlaumu.

## Akianza kutembea

Fimbo inashikwa mkono wa upande mzima, sio upande wa mguu unaouma. Najua inaonekana kinyume, lakini ndo inayopunguza mzigo kwenye nyonga na goti bovu. Urefu wake: akisimama mikono imeshuka, kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha kiganja. Fimbo na mguu mbovu vinaenda pamoja, mguu mzima unafuata.

Kwa wanaoishi milimani, Mabatini, Igogo, Kitangiri, zile ngazi za mawe: kupanda unaanza mguu mzima, kushuka inaanza fimbo na mguu mbovu. Mvua ikinyesha mawe yale yanateleza, siku hiyo atembee ndani.

## Asiyeweza kukanyaga kabisa

Watu wawili, kila mmoja upande wake, kunja kingo za ile shuka mpaka karibu na mwili wake, hesabu kwa sauti na mumsogeze kwa kutelezesha, msimnyanyue. Kumhamishia kwenye kiti subiri fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) awaonyeshe kwa vitendo na mzee mwenyewe akiwepo, hili halisomwi likaeleweka. Wakati huo muinulie mgongo kwa mito, mgeuze kila masaa mawili na viungo vichezeshwe kama hatua ya 3.

## Akianza kuanguka mkononi mwako

Usimdake juu. Vuta mkanda karibu na wewe, acha ateleze kwenye paja lako mpaka sakafuni, linda kichwa. Akishafika chini usimuinue haraka, muulize panapouma kwanza.

## Acha kila kitu, nenda hospitali

- Ameanguka, nyonga inauma, mguu mmoja unaonekana mfupi na umegeukia nje. Usimsimamishe, nyonga inaweza kuwa imevunjika.
- Mgongo unauma na ghafla hajui mkojo au choo kinatoka, au katikati ya mapaja kumekufa ganzi.
- Kigimbi cha mguu mmoja kimevimba ghafla, kina joto na kinauma, au anakosa pumzi.
- Kiungo kimoja kimevimba, cha moto, na ana homa.
- Uso umepinda, mkono umelegea, maneno hayaeleweki. Hapa hakuna kusubiri asubuhi.

Kwa Mwanza fizio wapo hospitali za Bugando na Sekou Toure, kwa hiyo hata bila dharura ni vizuri mzee aonwe mara moja apangiwe mazoezi yake. Mwenye miaka 60 na kuendelea aulizie dirisha la wazee, na kama hana uwezo na hana kitambulisho cha matibabu ya wazee anzia kwa mtendaji wa mtaa au afisa ustawi wa jamii kabla hajaugua sana. Wanaotoka mbali, mfano makazi ya wazee ya Bukumbi kule Misungwi, mpange usafiri siku moja kabla.

Siku ya safari mpe dozi yake saa moja kabla ya kutoka, chukua bajaji au gari, bodaboda hapana, akalie mto, na ubebe lile daftari pamoja na vidonge vyote anavyotumia kwenye mfuko mmoja, hata vile vya duka la dawa na zile za miti shamba. Daftari liwe na vidole vya maumivu vya wiki nzima, saa za dawa, dakika alizokaa kwenye kiti na choo alipata lini, maana hayo manne ndo daktari atakayokuuliza.